Mtoto wa nyumba mbili asibebe zaidi ya begi lake

Fungua begi la mtoto wa miaka 8 anayeishi nyumba mbili. Utakuta daftari la hesabu, fulana iliyokunjwa ovyo, soksi moja, mdoli aliyetoboka sikio. Hivyo ndivyo vinavyoonekana. Visivyoonekana ni vizito zaidi: “mwambie baba yako hela ya shule haijafika”, siri ya mgeni aliyelala kwa mama juzi, na wasiwasi kwamba mzazi aliyebaki nyumbani atakula peke yake usiku wa leo. Karibu kila ninachoandika hapa kinahusu jinsi ya kuvitoa vitu hivyo begini, kwa sababu wazazi ndio waliovitia.

Nianze na jambo linalowakosesha wazazi usingizi: je, talaka itamharibu mtoto? Mwanasaikolojia wa Marekani E. Mavis Hetherington alianza kufuatilia familia miaka ya 1970 na akaendelea kwa zaidi ya miaka 20. Alikuta kwamba kiasi cha mtoto 1 kati ya 4 wa wazazi walioachana alikuwa na matatizo makubwa ya kihisia au kitabia, dhidi ya 1 kati ya 10 kwa wazazi waliokaa pamoja. Kwa hiyo hatari ipo, tusiifiche, lakini watoto walio wengi walisimama sawasawa. Mwaka 1991 Paul Amato na Bruce Keith walikusanya tafiti 92 na kuona kwamba tofauti kati ya makundi hayo mawili, kwa wastani, ni ndogo. Zaidi ya hapo, watoto wa ndoa zenye ugomvi mkali usiokwisha walikuwa na hali mbaya kuliko watoto wa wazazi walioachana. Kinachomla mtoto zaidi ni vita, na vita vinaweza kuendelea miaka 10 baada ya cheti cha talaka kutoka.

Siku ya kuwaambia

Msiwaambie kabla hamjaamua kabisa. “Mama na baba wanafikiria kuachana” ni sentensi inayomfanya mtoto awe mlinzi wa ndoa yenu, na akishindwa kuiokoa atajilaumu. Uamuzi ukishakuwa thabiti, na mkijua nani anahama na lini, hapo ndipo pa kusema. Kwa mtoto wa shule ya msingi, wiki mbili hivi kabla ya mmoja kuhama zinatosha. Aliye chini ya miaka 5 mwambieni siku mbili tatu kabla, kwa kuwa kwake “wiki mbili” ni neno tupu. Kijana wa miaka 14 kwa kawaida ameshahisi zamani, naye anastahili kuambiwa mapema zaidi.

Chagueni asubuhi ya siku ya mapumziko ambayo siku inayofuata pia si ya shule, ili apate muda wa kulia, kunyamaza, kurudi na maswali. Isiwe usiku kabla ya kulala, wala mkesha wa mtihani, wala siku yake ya kuzaliwa, wala ndani ya gari ambamo hawezi kuinuka na kuondoka. Kaeni nyote wawili, na watoto wote kwa pamoja, ili wasikie maneno yaleyale. Baadaye kila mmoja azungumzwe naye peke yake kwa lugha ya umri wake. Mazungumzo ya kwanza yasizidi dakika 10 au 15, maana baada ya hapo mtoto hasikii tena, anaangalia midomo tu.

Yaandikeni maneno kwanza. Nasema hivi kwa uzito: andikeni, myasome wawili, mkubaliane. Kitu kama hiki kinatosha:

“Tumeamua kwamba hatutaishi tena nyumba moja. Tumejaribu kurekebisha mambo yetu, tumeshindwa. Huu ni uamuzi wa watu wazima, hakuna mlichofanya ninyi kilichousababisha, na hakuna mnachoweza kufanya kuubadilisha. Baba anahamia nyumba nyingine Jumamosi ijayo. Shule yenu ni ileile na marafiki ni walewale. Siku kadhaa mtakuwa kwa mama, siku kadhaa kwa baba, na sote tutaendelea kuwa wazazi wenu.”

Mambo huharibika kwa njia zinazojulikana. Ya kwanza ni mmoja kusema “baba yako ndiye anayetaka”. Hata kama ni kweli tupu, mtoto amepewa mshtakiwa, na mshtakiwa huyo ni nusu ya damu yake. Ya pili ni sentensi “hatupendani tena”. Inaonekana nyepesi, lakini sikia mtoto anavyoipokea: kumbe mapenzi huisha, basi na mimi yanaweza kuniishia. Afadhali kusema mmeshindwa kuishi pamoja kama mume na mke. Ya tatu ni uongo wa “baba amesafiri kikazi”. Mtoto atahesabu siku na kusikiliza mlango kila jioni, na siku atakayojua ukweli atakuwa amewapoteza wawili, aliyeondoka na aliyemdanganya.

“Si kosa lako” haitoshi kusemwa mara moja. Mtoto wa miaka 4 au 5 huunganisha matukio kwa njia yake: nilimwaga maji kwenye simu ya baba, usiku ule wakagombana, sasa baba anahama. Hatasema hadi aulizwe. Siku chache baadaye muulize kwa utulivu, “Wewe unafikiri ni kwa nini tumeachana?” kisha unyamaze umsikilize. Jibu lake ndilo litakalokuonyesha pa kutibu.

Maswali yake yatakuwa madogo na ya dharura. Nitalala wapi? Nani atanichukua shuleni? Paka ataenda na nani? Yajibu yote kwa uzito. Usilolijua sema, “Hilo hatujaamua, Jumapili nitakuambia,” na Jumapili umwambie hata kama bado hamjaamua. Pengine atauliza tu, “Naweza kwenda kucheza?” Mwache aende. Watoto huimeza habari nzito kwa mafunda madogo, na funda la pili huja siku tatu baadaye unapomfunga kamba za viatu.

Umri na dalili zake

Mtoto mchanga haelewi talaka, ila anaelewa harufu, sauti na saa ya kulala. Kwake ratiba ndiyo lugha. Kukaa siku nyingi mfululizo bila kumwona mzazi aliyemzoea ni mzigo mkubwa, hivyo kabla ya miaka 2 au 3 kukutana mara nyingi kwa muda mfupi kunamfaa kuliko ziara moja ndefu kwa mwezi. Blanketi lake liende naye, na msilifue kila mara kabla ya safari, kwa kuwa harufu ile ni sehemu ya nyumbani.

Kati ya miaka 3 na 5 wengi hurudi nyuma. Aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena, anayekula mwenyewe anataka kulishwa, anayelala peke yake anang’ang’ania mkono. Usimwadhibu wala usimwaibishe. Badili shuka bila hotuba, weka plastiki chini ya shuka, mpeleke chooni kabla ya kulala. Mara nyingi hupita maisha yakishatulia.

Wa miaka 6 hadi 8 huomboleza waziwazi na kupanga mipango ya kuwarudisha pamoja: ataugua siku ya makabidhiano ili mkutane nyote hospitalini. Mjibu kwa upole na bila kuyumba kwamba hamtarudiana. Wazazi wanaokula pamoja kila wiki “kwa ajili ya mtoto” mwaka wa kwanza huliwasha tumaini hilo upya kila mara bila kujua. Kuanzia 9 hadi 12 huja hasira, maumivu ya tumbo na kichwa yasiyo na ugonjwa, na kuchagua upande. Anayechukua upande wako asikufurahishe. Anakulipa kodi ya kuogopa kukupoteza na wewe.

Vijana wakubwa hunyamaza au hugeuka wasaidizi wakamilifu, na huyu msaidizi ndiye ninayemwogopea zaidi kwa sababu kila mtu humsifu. “Sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii” ni maneno ambayo ndugu, majirani na hata wazazi wenyewe humwambia mvulana wa miaka 13 wakidhani wanampa heshima. Wanamvua utoto. Aoshe vyombo, amsaidie mdogo wake hesabu, sawa. Asijue madeni yako, asisome meseji za mwanasheria, asiwe mtu unayemlilia usiku. Kwa hayo tafuta mtu mzima mwenzako.

Ratiba

Kama wazazi wote wawili wako karibu na shule na wote ni salama, kuna mifumo michache inayotumika sana. Wiki kwa wiki ni rahisi kukumbuka, ila siku 7 ni nyingi kwa mdogo, kwa hiyo huwafaa zaidi wa miaka 10 kwenda juu. Mfumo wa 2-2-3 humpeleka mtoto siku mbili kwa mmoja, mbili kwa mwingine, kisha tatu kwa yule wa kwanza, na wiki inayofuata zamu zinageuka. Hakai muda mrefu bila kumwona yeyote, lakini anahama mara nyingi, na wazazi wasioelewana watagombana kila hatua. Wa 2-2-5-5 hutuliza mambo kidogo: Jumatatu na Jumanne daima ni kwa mama, Jumatano na Alhamisi daima ni kwa baba, na Ijumaa hadi Jumapili wanapokezana. Mtoto akiulizwa Jumanne analala wapi, anajua bila kuhesabu. Wanaoishi mbali watagawana likizo na simu za video. Kwa mdogo dakika 5 za kusomewa hadithi zinafaa kuliko nusu saa ya “eeh, niambie basi”.

Wengine hujaribu mtoto abaki nyumba moja na wazazi ndio wapokezane. Kwa miezi michache ya mpito inaweza kusaidia. Ikirefuka, ugomvi wa friji na shuka unaanza upya.

Ratiba yoyote mnayochagua, ichoreni. Kalenda ya ukutani yenye rangi mbili, ibandikwe usawa wa macho ya mtoto, nakala ileile nyumba zote mbili. Asiyejua kusoma anasoma rangi. Kila usiku akifuta siku moja kwa kalamu, kesho inaacha kuwa mtego. Likizo na sikukuu ziandikwe miezi mitatu kabla.

Msimuulize, “Unataka kukaa na nani?” Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unampa haki ya kusikilizwa, na kifungu cha 9 kinalinda haki yake ya kuonana na wazazi wote wawili mara kwa mara isipokuwa pale inapomdhuru. Kusikilizwa ni kuulizwa nini kinamsumbua katika ratiba, angependa nini kibadilike. Kuamua ni kazi yenu, au ya mahakama.

Begi na mlango

Punguzeni begi. Mswaki, nguo za kulalia, chupi, soksi, kandambili, chaja na kalamu viwepo nyumba zote mbili, hata kama ni vya bei nafuu. Begi libebe vitu vya shule, miwani, dawa, na kile kimoja anachokipenda. Mtoto anayehama na sanduku zima kila mara hujiona mgeni kotekote. Mpeni droo yake hata katika chumba kimoja cha kupanga, na asiikute imejazwa vitu vya wengine akirudi.

Dawa zina hatari ya pekee. Mtoto mwenye homa amepewa parasetamoli saa 10 jioni kwa baba, anafika kwa mama saa 11 bado anachemka, anapewa tena. Kipimo cha pili hakipaswi kutolewa kabla ya muda wa saa 4 kupita tangu kile cha kwanza, na zisizidi dozi 4 ndani ya saa 24. Dawa zote zikae kwenye kifuko kimoja pamoja na karatasi yenye mistari mitatu: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi alipewa mara ya mwisho. Aandike mzazi kwa mkono wake. Mtoto asitumwe kukumbuka.

Kuhusu nguo, zikishanunuliwa ni za mtoto. Kumvua viatu mlangoni kwa sababu “hivi ni vya huku” kunamfundisha kwamba hata mwilini mwake kuna mpaka.

Mahali bora pa kukabidhiana ni shuleni: mmoja anampeleka asubuhi, mwingine anamchukua mchana, na mtoto haoni nyuso mbili zilizokunjamana. Siku isiyo ya shule, aliye naye ndiye ampeleke, asisubiri mwenzake aje kumchukua. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mtoto anayepelekwa anasindikizwa kwa ridhaa, na anayekuja kuchukuliwa anahisi ananyang’anywa katikati ya mchezo. Mlangoni zisizidi dakika 5, bila hesabu za pesa. “Nenda salama, tutaonana Jumatano” inatosha. Ukisema “nitakukumbuka sana, nitabaki mpweke”, umeweka jiwe begini, na usiku huo atalala akikulinda.

Saa ya kwanza baada ya kuingia ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Mtoto anaingia kimya, au anapiga mlango, au analia kwa sababu ya kikombe. Mzazi anahitimisha kwamba huko alikotoka anateswa, na mzazi wa pili naye, siku ya zamu yake, anaona vilevile na kuhitimisha vilevile. Mara nyingi ni uchovu wa kuvuka tu. Mwache nusu saa bila maswali. Mwe na jambo moja lisilobadilika, kuoga, kumwagilia maua, mchezo mmoja wa karata, ili mwili ujue umefika. Maswali ya “nani alikuja, mlikwenda na gari la nani” yaache kabisa. Muulize alichofurahia, na akisimulia jambo zuri, furahi naye kwa uso wako wote, kwa sababu anakuangalia.

Akikataa kwenda, tafuta sababu kabla ya kutafuta mkosaji. Huenda atakosa mechi ya rafiki, huenda kitanda kiko chumba cha giza. Lakini akitaja kupigwa, kuguswa vibaya au kuachwa peke yake na mlevi, ratiba inasimama, na unamtafuta afisa ustawi wa jamii, polisi au daktari siku hiyohiyo. Vivyo hivyo, palipokuwa na kipigo kati ya wazazi, ushauri wangu wa kukaa pamoja na kukutana mlangoni haufai. Makabidhiano yafanywe kupitia mtu wa tatu au mahali penye watu, na mawasiliano yawe ya maandishi.

Kati ya wazazi

Ujumbe mzuri una jambo moja na hauzidi mistari minne. “Kikao cha wazazi ni Alhamisi saa 9. Nitakwenda. Ukiweza uje pia, kama huwezi nitakutumia taarifa.” Linganisha na “kwa kuwa hujawahi kujali shule ya mwanao, nakujulisha…” Habari ni ileile, ila wa pili utajibiwa kwa historia ya ndoa nzima. Ukiwa na hasira, andika kwenye daftari, lala, asubuhi utume mistari minne. Simu iwe na nywila, watoto husoma.

Matunzo na kuonana ni mambo mawili tofauti. Mwenye deni la matunzo adaiwe kwa njia za kisheria, na kumnyima mtoto siku zake ni kumtoza asiyekopa. Kinyume chake pia ni kweli: aliyenyimwa zamu hana ruhusa ya kuacha kulipa chakula.

Mpe mwalimu wa darasa barua moja fupi yenye namba na anwani za nyumba zote mbili, na omba ripoti nakala mbili. Bibi, shangazi na wajomba wanaomsema mzazi mwingine mbele ya mtoto waambiwe na ndugu yao wa damu, si na mtalaka wake. Mpenzi mpya asubiri hadi uhusiano uwe wa kudumu. Akitambulishwa, iwe saa moja nje ya nyumba, kwa jina lake, bila kulazimisha “mwite baba”.

Kama mmoja anaahidi na haji, usimtangazie mtoto ziara mpaka mzazi huyo athibitishe kwamba yuko njiani. Mtoto aliyevaa viatu tangu asubuhi akikaa dirishani hadi jioni hataisahau siku hiyo. Akiuliza kwa nini haji, sema, “Sijui. Najua tu kwamba sababu haitoki kwako.”

Misukosuko mingi hupungua ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Mtafute mshauri nasaha au mwanasaikolojia wa watoto ikiwa kukosa usingizi, kugoma shule, kukataa kula au hasira za kupiga wenzake zimeendelea wiki kadhaa bila kulegea. Akizungumzia kufa au kujiumiza, mpeleke leo, na usimwache peke yake mpaka mfike.

Na kama mpaka sasa mmemfanya mjumbe, inawezekana kurudi nyuma. Mwambie: “Juzi nilikutuma ujumbe kwa baba yako. Haikuwa kazi yako, nimekosea. Nitamwambia mwenyewe.” Hataamini mara moja. Atakuja kukupima, pengine wiki hiyohiyo, akiwa bado na begi mgongoni: “Baba amesema ile pesa…” Mshushie begi, umjibu, “Asante, nitamuuliza mwenyewe,” kisha umuulize kama amepata njaa.